Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Sukari Kulikuwa na Changarawe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi nauza juisi ya miwa hapa Moshi, si mbali na stendi kuu. Mteja wangu mmoja, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliniambia sukari ni neno la kwao, na bibi yake nyumbani alikuwa akisema "sakar". Ustaadhi mmoja aliyekuwa anasubiri glasi yake akakataa katakata, akasema sukari ni Kiarabu kitupu, "sukkar". Wakabishana mpaka barafu ikayeyuka, kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Nikawaambia nitamwandikia Mwalimu. Nani kati yao yuko sahihi?
Muuza juisi, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wape wote wawili glasi nyingine, kwa sababu kila mmoja amejibu swali lake na amelijibu sawasawa. Ustaadhi anajua sisi tulilipokea neno kwa nani. Mzee anajua lilikozaliwa. Wamegombana kwa kuwa walidhani swali ni moja.

Mimi sukari ni jambo la nyumbani. Nilizaliwa kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule Arusha Chini, baba yangu akiwa mkata miwa. Msimu wa mavuno shamba lilichomwa kwanza ili majani makavu yaondoke na nyoka wakimbie, na asubuhi mama alikuta masizi yametua juu ya mashuka aliyoanika. Mikono ya baba ilikuwa na nyufa ambazo hazikufunga mpaka alipostaafu. Ndiyo maana watu wakibishania neno hili mimi huvuta kiti nikakaa nao. Nataka lielezwe vizuri.

Nianze na ustaadhi. Ushahidi wake umo kwenye irabu moja, ile "u" ya mwanzo. Waajemi wanasema "shakar". Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindi waliofungua maduka Moshi na Arusha, wana "sakar". Waarabu peke yao ndio wenye "u": "sukkar". Kama neno lingetufikia kupitia kaunta ya duka la Mhindi, kama zilivyotufikia chapati, gari na laki, leo ungekuwa unasema "sakari". Tazama na mkia wake. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo maneno ya Kiarabu ya namna hii hufungwa kwa "i": bahr ikawa bahari, safar ikawa safari, khabar ikawa habari, asal ikawa asali. Sukkar ikapita njia hiyo hiyo. Hapo ustaadhi ameshinda.

Lakini Waarabu nao walilipokea. Walilipata kwa Waajemi, na Waajemi walilipata India, na hili la Waajemi ndilo linalonifurahisha kuliko yote, maana ushahidi wake umejificha kwenye sauti "sh".

Kiajemi na Kisanskriti, lugha ya kale ya vitabu vitakatifu vya India, ni watoto wa mama mmoja. Wataalamu humwita mama huyo Kiindo-Irani. Watoto hao walipoachana, kila mmoja alizibadili sauti kwa utaratibu wake. Pale Kisanskriti kinapoanza neno kwa "sh" ya aina fulani, Kiajemi kwa kawaida huanza kwa "s". Mia moja kwa Kisanskriti ni "shata", kwa Kiajemi "sad". Kichwa kwa Kisanskriti ni "shiras", kwa Kiajemi "sar". Hiyo "sar" unaitamka kila siku bila kujua: Waajemi waliiunganisha na "kar", yaani kazi, wakapata "sarkar", nasi tukapata serikali.

Sasa pima sukari kwa kipimo hicho. Kisanskriti kinasema "sharkara". Kama Waajemi wangelirithi neno hili kwa mama yao, lingeanza kwa "s" kama sad na sar. Halikuanza hivyo. Wanasema "shakar", kwa "sh" ya Kihindi. Maana yake hawakulirithi. Lilikuja kwao baadaye, watoto wakiwa wamekwisha kuhama nyumba, likaja pamoja na mzigo wenyewe wa sukari kutoka kwa jirani. Mzee wa vitambaa naye ameshinda.

Na hiyo sharkara, kabla haijawa sukari, ilikuwa nini? Ilikuwa changarawe. Katika maandishi ya kale zaidi ya India neno hili linataja vijiwe vidogo, kokoto za ardhini. Waganga wa kale wa huko waliliita kwa neno hilo hilo tatizo la vijiwe kwenye mkojo. Utamu haumo kabisa katika maana ya kwanza. Ukitaka kuona jinsi jina lilivyohama, mwaga sukari yenye chembe kubwa kiganjani na uisugue kwa kidole gumba ukiwa umefumba macho: utasikia kile kile anachokisikia mama anayechambua mchele na kukutana na changarawe. Watu wa kwanza waliofaulu kuyagandisha maji ya miwa mpaka yakawa chembe ngumu waliita walichokigusa.

Tena hawakuishia hapo. Kipo kitabu cha kale cha Wahindi kuhusu uendeshaji wa dola, Arthashastra, ambacho kinaorodhesha vitu vinavyotokana na miwa ghalani mwa mfalme. Kuna phanita, yaani maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito. Kuna guda, bonge. Kuna matsyandika, jina linalotokana na mayai ya samaki. Kuna khanda, vipande. Mwishoni kuna sharkara, changarawe. Yeyote aliyekaa karibu na kiwanda cha sukari anaziona hatua hizo: kutoka uji mzito hadi chembe kavu. Majina yote ni ya watu waliokuwa wamesimama kando ya sufuria, wakiangalia kinachotokea ndani.

Mawili kati ya hayo yametembea sana. Guda ikawa "gur" kwenye lugha za India za leo, na hilo ndilo lililotupa sukari guru, yale mabonge ya kahawia yanayouzwa sokoni. Basi ukisema "sukari guru" umetamka maneno mawili yaliyowahi kukaa ghala moja huko India, moja limekujia kwa Waarabu na la pili kwa Wahindi wenyewe. Khanda nayo ilipita kwa Waajemi na Waarabu ikiwa "qand" mpaka Ulaya, ambako Waingereza waliipata kendi yao.

Habari za kitu chenyewe zilitangulia jina. Nearchus, amiri wa merikebu za Alexander Mkuu, alifika India mnamo 326 na 325 KK, na taarifa yake inasema kuna matete huko yanayotoa asali bila nyuki. Jina lenyewe tunaliona kwa Wagiriki katika karne ya 1 BK. Dioscorides, tabibu, anaeleza juu ya "sakkharon", aina ya asali iliyoganda kwenye matete ya India na Arabuni, inayovunjika kwa meno kama chumvi. Huyu bila shaka alikuwa ameionja, au aliongea na aliyeionja.

Na wakati huo huo, karne ya 1, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga mwongozo wa biashara ya Bahari ya Hindi. Wanafunzi wa historia wanaujua kwa jina la Periplus, kwa sababu ndani yake ndimo inamotajwa Rhapta, bandari ya mwisho ya Azania, yaani pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Kurasa chache kabla ya Rhapta anataja shehena zinazotoka bandari za magharibi mwa India kwenda Pembe ya Afrika: nafaka, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na asali ya matete "iitwayo sakkhari". Mimi nikisoma mahali hapo husimama kidogo. Andiko la kwanza linaloieleza pwani yetu kwa urefu lina neno sukari ndani yake, karne nyingi kabla ya jahazi la Mwarabu kutuletea sukkar.

Baada ya hapo safari ni ndefu nami nitaikata. China ilituma wajumbe India mwaka 647, wakati wa mfalme Taizong, kwenda kujifunza kutengeneza sukari. Waarabu walipoitwaa Uajemi katika karne hiyo hiyo ya 7 walizikuta mbegu na ufundi, wakavipeleka Misri, Sicily na Hispania. Wahispania walilichukua neno pamoja na kitangulizi chake cha Kiarabu "as-", as-sukkar, wakasema "azúcar". Wafaransa wana "sucre", Wajerumani "Zucker", Wadenmaki "sukker". Hata sakarini, ile ya kutia utamu badala ya sukari, iliyogunduliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1879, jina lake limechongwa kutoka kwenye sakkharon ya Wagiriki.

Nimewataja Wadenmaki kwa sababu. Kampuni iliyolima miwa pale nilipozaliwa, Tanganyika Planting Company, TPC, ilianzishwa na Mdenmaki, A. P. Møller, miaka ya 1930. Bwana shamba akisema "sukker" na mkata miwa akisema "sukari", walikuwa wanasema neno moja lililoachana kwa Waarabu, tawi moja likipanda kaskazini hadi theluji, jingine likishuka na pepo za kaskazi hadi kwetu. Yakakutana tena chini ya Kilimanjaro. Siku hizi wenye hisa wakubwa wametoka Mauritius, ambako Kifaransa kinasemwa, na neno lao nalo ni lile lile.

Kuhusu changarawe yenyewe, wataalamu wamejaribu kuchimba chini zaidi. Wagiriki wana neno "kroke", kijiwe, kokoto ya ufukweni. Wapo wanaosema kroke na sharkara ni ndugu wa mbali, na kwamba lugha mama ya Kigiriki na Kisanskriti ilikuwa na neno kama "korka". Mabadiliko ya "k" kuwa "sh" na "o" kuwa "a" yanafuata kanuni, kama nitakavyoonyesha kwenye swali linalofuata. Kasoro ni kwamba Kigiriki kimeitanguliza "r" mbele ya irabu, na mkia wa neno la Kisanskriti ni mrefu zaidi. Wengine kwa hiyo wanaliona kuwa neno lililookotwa na Wahindi wa kale kwa wenyeji waliowakuta. Mimi naegemea upande wa undugu, kwa kuwa maana zimelingana bila kulazimishwa: kijiwe kwa kijiwe. Lakini nisingemkosoa mwanafunzi anayeegemea upande wa pili.


SWALI: Mwalimu, heshima yako. Nipo kidato cha sita hapa Arusha. Katika kitabu cha historia ya lugha nimekuta neno *madhu likiwa na nyota mbele yake, na maelezo kwamba ni neno la Kiindo-Irani cha kale, maana yake asali. Tena kitabu kinasema lugha hiyo haikuandikwa popote. Kama haikuandikwa, wamelijuaje? Rafiki zangu wanasema wazungu wamebuni tu.
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Swali lako ni zuri na mashaka yako ni ya msomi, usiyaache. Ile nyota ni alama ya uaminifu. Mtaalamu anapoiweka anakwambia: neno hili sijaliona limeandikwa, nimelipata kwa kulinganisha. Ilienezwa na August Schleicher, Mjerumani wa karne ya 19.

Jaribu mwenyewe kwanza kwa lugha za kwetu, ndipo uwahukumu. Sisi Waswahili tunasema "mtu". Mchaga wa Vunjo anasema "mndu". Mkamba na Mkikuyu wanasema "mundu". Mganda anasema "omuntu", Mzulu "umuntu". Chukua sasa "kitu": Mganda anasema "ekintu". Chukua "mti": Mganda anasema "omuti", bila "n". Umeona? Mswahili anapokuwa na "t" tupu, Mganda mara ana "nt", mara ana "t". Huwezi kukisia kutoka kwenye Kiswahili ni wapi Mganda ataweka "n". Lakini kutoka kwenye Kiganda unaweza kukisia Kiswahili kila mara: ukiona "nt", ondoa "n". Basi ni Kiswahili kilichopoteza kitu na si Kiganda kilichoongeza. Neno la mama lilikuwa na "nt". Andika *muntu, weka nyota. Umefanya kazi ile ile aliyoifanya Carl Meinhof mwaka 1899 alipochapisha sauti za Kibantu mama, na hakuna aliyekulazimisha kuamini chochote.

Kazi hii kwa lugha za India na Ulaya ilianza kupata nguvu mwaka 1786, William Jones, hakimu wa Kiingereza mjini Calcutta, alipowaambia wenzake kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zimefanana mno katika mizizi ya vitenzi na maumbo ya sarufi, kiasi kwamba lazima zimetoka chemchemi moja ambayo pengine haipo tena. Wengine walikuja baada yake kutafuta kanuni za sauti. Kanuni moja inakuhusu hapa: pale Kigiriki na Kilatini kinapokuwa na "e" au "o", Kiindo-Irani kina "a". Kumi kwa Kigiriki ni "deka", kwa Kisanskriti "dasha". Nane kwa Kilatini ni "okto", kwa Kisanskriti "ashta". Katika deka na dasha unaiona pia "k" ikigeuka "sh", ile niliyomwahidi muuza juisi hapo juu.

Haya, madhu. Kisanskriti kina "madhu", asali na kinywaji kitamu. Kiavesta, lugha ya kale ya Wairani, kina "madhu" iliyokuja kumaanisha mvinyo, na Kiajemi cha leo kimebaki na "mey", mvinyo. Kigiriki kina "methy", kileo. Kirusi kina "myod" na Kilithuania "medus", zote asali. Kiingereza kina "mead", pombe ya asali. Sauti zinalingana hatua kwa hatua, "a" kwa "e", kama kanuni inavyodai. Kama wazungu wangekuwa wamebuni, wangelazimika kuwabuni pia Warusi, Wahindi na Waajemi na kuwafundisha wote kukosea kwa mpangilio mmoja.

Ushahidi ninaoupenda zaidi hautoki hata ndani ya familia hiyo. Wafini na Wahungaria wana lugha za ukoo mwingine kabisa. Lakini jina la zamani la asali kwa Kifini ni "mesi", na kwa Kihungaria asali ni "méz". Mababu zao waliishi misituni jirani na watu wa kale waliosema lugha mama ya Wahindi, Waajemi na Warusi, wakapokea kwao asali au ufugaji wa nyuki pamoja na jina. Na tazama irabu: walilipokea likiwa bado na "e". Majirani wameihifadhi sura ya neno ambayo Wahindi na Wairani wenyewe waliipoteza. Hata China walilipokea, kupitia lugha ya Kitokhari iliyosemwa magharibi mwa nchi hiyo. Asali kwa Kichina ni "mi".

Watu waliosema *madhu wengi tunawatafuta nyika za kusini ya milima ya Ural, ambako leo Urusi inapakana na Kazakhstan, takribani miaka 4,000 iliyopita. Huko, mahali paitwapo Sintashta, wachimbaji walikuta makaburi yenye magari ya vita ya kukokotwa na farasi, magurudumu yake yakiwa na spoki, na ni ya kale kuliko mengine yote yanayojulikana. Nchi yenyewe ni ya baridi kali, muwa hauwezi kuota pale hata kwa maombi. Mtu wa Sintashta angeweza kuwa na neno la changarawe, lakini sukari hakuijua. Utamu wake ulikuwa asali, ndiyo maana neno la asali limesimama imara katika lugha nyingi za ukoo na neno la sukari limepatikana India tu. Lugha hutuonyesha walichokuwa nacho mezani.

Waulize pia rafiki zako kuhusu maana. Kwa nini neno moja liwe asali kwa Mrusi na mvinyo kwa Mwajemi? Kwetu limetokea vile vile, na hapa karibu. Kibantu mama kilikuwa na neno la nyuki na asali ambalo limetupa sisi "nyuki". Kwa Wakikuyu, "uuki" ni asali. Kwa Wakamba, "uki" ni pombe. Asali ikichanganywa na maji ikaachwa, inakuwa pombe yenyewe, na jina linabaki pale pale wakati kilichomo kibuyuni kinabadilika. Waganga wa India nao walilitumia madhu mahali ambapo sisi tunatumia sukari: ugonjwa tunaouita kisukari wao waliuita "madhumeha", mkojo wa asali, kwa kuwa waliona sisimizi wakikusanyika mahali mgonjwa alipokojoa.

Ukifika chuo, chagua somo la isimu linganishi. Kichaga, Kimeru, Kirangi na Kisambaa zinahitaji vijana watakaozilinganisha kwa makini namna hii, na wazee wanaozijua vizuri wanapungua.


SWALI: Mwalimu, mwanangu wa darasa la sita amepewa zoezi la kutafuta asili ya maneno. Kaka yake amemwambia "simba" ni Kihindi, kwa sababu Singh ni simba na Singapore ni mji wa simba. Je, aandike hivyo?
Mama wa Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Hapana, mama, asiandike. Kaka yake amesema kweli mbili na kuzifunga kwa fundo lisiloshika. Ni kweli Kisanskriti kina "simha", simba. Ni kweli Singh limetoka humo, na sisi kwa kulisikia sana tukawaita Makalasinga pia "singasinga". Ni kweli Singapore ni "simhapura", mji wa simba.

Lakini kufanana kwa sura hakutoshi, ndiyo maana nimetumia maneno mengi hapo juu kueleza kanuni za sauti. Neno la mkopo huja na biashara, na biashara huacha njia. Kama simba angeletwa na Wahindi pwani, tungelikuta neno pwani na kando ya njia za misafara, likiwa na maana ile ile. Kinyume chake tunalikuta kusini ya mbali, kwa watu ambao lugha yao iliachana na yetu zamani sana, na kwao si simba. Kwa Wazulu "insimba" ni yule mnyama mdogo wa usiku mwenye madoa na mkia mrefu wenye pete, ambaye sisi twamwita kanu. Simba kwao ana jina jingine kabisa, "ibhubesi". Mkopo haufiki Natal, nchi ya Wazulu huko Afrika Kusini, ukiwa umegeuka mnyama mwingine huku ukifuata kanuni za Kibantu. Hilo ni neno la urithi, la mnyama mla nyama wa jamii hiyo, ambalo kwetu lilipanda cheo likamwangukia mkubwa wao.

Mwanao aandike "Kibantu". Mwalimu wake akidai ushahidi, amtajie kanu wa Wazulu.